Mbwa wako jike azae au asizae? Maswali na majibu kwa wafugaji wa Malindi

Mbwa jike akiingia joto, madume kutoka Maweni hadi Barani hujikusanya getini, na jirani mwenye dume zuri huja na ombi lake. Uamuzi unaofanywa siku hiyo huwa umechelewa. Soma majibu haya mapema, mbwa angali ametulia.

Ni kweli kwamba mbwa jike lazima azae angalau mara moja ndipo awe na afya?

Si kweli. Hakuna ugonjwa unaokingwa kwa kuzaa mara moja. Jike ambaye hajafungwa kizazi (yaani hajatolewa kizazi kwa upasuaji), awe amezaa au hajazaa, yuko katika hatari ya kujaa usaha katika mji wa mimba. Mara nyingi hutokea wiki 4 hadi 8 baada ya joto: anakunywa maji kupita kawaida, anasusa chakula, anatapika. Pengine usaha hutoka ukeni. Usipotoka ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mlango wa kizazi umejifunga na sumu inabaki ndani. Kumfunga kizazi huondoa hatari hiyo, na kukifanyika akiwa mdogo hupunguza sana saratani ya matiti.

Na dume je? Kupanda jike hakumtulizi wala hakumzuii kuzurura.

Wangu ana miezi 9 na ndiyo mara yake ya kwanza kuingia joto. Apandishwe?

Hapana, bado anakua. Ngoja afikishe miaka 2, na uzao wa kwanza usivuke miaka 5. Hupotezi kitu kwa kungoja, maana joto hurudi kila baada ya miezi 6 au 7.

Joto lenyewe huchukua kama wiki 3. Siku 9 hivi za mwanzo anatoka damu na huwafukuza madume. Kisha damu hupauka, na akiguswa kiunoni anapeleka mkia upande: hapo ndipo hushika mimba. Mfungie ndani siku zote 21. Ua wa makuti au wa miba haumzuii dume aliyekwisha kunusa.

Apimwe nini kabla ya kupandishwa, na dume naye?

Hapa ndipo watu wengi hupuuza, na hapa ndipo mbwa wengi huharibikiwa.

La kwanza ni uvimbe wa saratani wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Hauletwi na virusi: seli za saratani zenyewe hutoka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine. Huenea sana mahali penye mbwa wengi wanaozurura, na miji yetu ya pwani ni mahali hapo hasa. Huonekana kama koliflawa ndogo nyekundu inayovuja damu tone kwa tone. Mwenye mbwa hudhani ni joto lisilokwisha, akangoja miezi. Shika kanuni hii: damu ikipita wiki 4, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa dume uvimbe hujificha nyuma kabisa, karibu na shina la uume, kwa hiyo haitoshi kumtazama kwa juu. Daktari avute ngozi ya uume mpaka mwisho. Huweza pia kuota puani, kwa kunusa na kulambana.

Unatibika, na hilo tunalisema kwa furaha. Dawa ya vinkristini hudungwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida mara 4 hadi 6, na mbwa wengi hupona kabisa. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, basi asidungwe na mtu asiye daktari. Siku za matibabu vaa glavu unaposafisha mkojo na kinyesi chake, na mama mjamzito asikaribie.

La pili ni brusela ya mbwa, ugonjwa wa bakteria unaopimwa kwa damu. Jike huharibu mimba, mara nyingi baada ya siku 45. Dume huvimba korodani. Dawa hupunguza, lakini ni nadra kuimaliza, nayo humwambukiza binadamu. Mbwa aliyethibitishwa kuwa nayo asizalishwe kamwe.

Damu hiyo hiyo itazamwe kwa hadubini: magonjwa ya kupe, na minyoo ya damu iletwayo na mbu. Kama ni German Shepherd au Rottweiler, apigwe eksirei ya nyonga akiwa na miaka 2, hata kama ni kusafiri hadi Mombasa. Nyonga mbovu hurithiwa, na mtoto aliyezaliwa nazo huishi na maumivu. Chanjo zote, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, zikamilike kabla ya mimba. Mbwa anayeuma watu wa nyumbani, hata awe mzuri wa umbo namna gani, asizalishwe.

Watoto si watauzika?

Mbwa mkubwa huzaa 6, 8 au zaidi. Andika majina ya watu watakaowachukua kabla ya kumpandisha, si baada. Majirani wengi hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi: mbwa wa kulinda nyumba, shamba au mifugo anaruhusiwa, ila kumuuza na kumnunua hakujuzu kwao. Wasiochukuliwa ndio huishia jalalani. Pia muulize daktari bei ya upasuaji wa kuzalisha. Kama pesa hiyo huna kando leo, usimpandishe.

Mimba na kuzaa, niangalie nini?

Mimba ni siku 63 hivi. Altrasaundi huonyesha kuanzia siku ya 25 hadi 30; eksirei baada ya siku ya 55 huhesabu watoto. Chakula kiongezwe wiki 3 za mwisho, robo hadi nusu zaidi. Akinyonyesha wengi huhitaji hata mara 3. Sima tupu haitoshi, ongeza samaki, nyama au mayai yaliyopikwa.

Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba. Mwili huzoea kupewa, ukaacha kuitoa mifupani, na maziwa yakianza kutoka, damu huishiwa kalsiamu ghafla. Akitetemeka na miguu kukakamaa wiki ya 2 hadi ya 4 baada ya kuzaa, watenge watoto na umkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo.

Mpime halijoto asubuhi na jioni wiki ya mwisho. Ikishuka chini ya nyuzi 37.2, atazaa ndani ya saa 24. Ita daktari akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto, zikipita saa 2 na wengine wamo tumboni, au majimaji ya kijani yakitoka kabla ya mtoto wa kwanza.

Wakati wa kaskazi usimlaze chini ya mabati. Kivuli cha makuti chenye upepo ni bora. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kwa sababu minyoo huwaingia wangali tumboni, na mayai yake huweza kuharibu macho ya watoto wa nyumbani.

Amekwisha kupandwa na mbwa koko. Nifanyeje?

Wakiwa wamenasana usiwavute, watajeruhiana. Huachana wenyewe baada ya dakika 10 hadi 30. Kumwosha ukeni hakuzuii mimba. Kataa sindano ya estrojeni: huweza kuharibu uboho unaotengeneza damu na kuleta ule usaha wa mji wa mimba. Kama hukupanga azae, zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi mapema. Hata ukiamua azae, mchunguze sehemu za siri kila mwezi kwa miezi 6, ukitafuta ile koliflawa. Na aliyeumwa akijaribu kuwatenganisha aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.