Kumpima sukari paka asiyetulia: yanayosemwa na ukweli wake

"Mjukuu wangu, kisukari ni cha watu. Paka huyo ana njaa tu."

Bibi jirani yetu hapa Ujiji aliniambia hivyo kwa mapenzi kabisa, paka wetu Kaniki alipoanza kukonda huku anakula kuliko zamani, anakunywa hadi maji ya ndoo ya kuoshea vyombo na kukojoa kila mara. Lakini paka wanapata kisukari, na kwa wengi wao kinafanana na aina ya pili ya binadamu: mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, na kongosho linaelemewa. Walio hatarini zaidi ni madume waliohasiwa, wenye umri mkubwa, wanene. Kaniki ana miaka 11, amehasiwa, na alikuwa amenenepa sana. Wala insulini si dawa ngeni kwa mnyama. Mwaka 1921 kule Toronto, Banting na Best walianza kwa kuwadunga mbwa majimaji ya kongosho. Binadamu wa kwanza alifuata Januari 1922.

Sasa anadungwa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, nasi tunampima sukari nyumbani kwa mashine ndogo ya tone la damu. Hapo ndipo maneno yalipozidi.

"Tazama sisimizi kwenye mkojo, inatosha"

Hili nimelisikia kuliko yote, na ndilo linalonitia hofu. Ni kweli sisimizi hufuata mkojo wenye sukari. Ila sukari ya paka haimwagikii kwenye mkojo mpaka damu ifike kama 14 hadi 16 (milimoli kwa lita, namba zilezile tunazosomewa zahanati). Paka asiye na kisukari, akiwa ametulia, huwa kati ya 4 na 8 hivi. Kwa hiyo sisimizi watakuambia kwamba sukari ilipanda wakati fulani. Kwamba sasa hivi imeshuka hadi 2, hawatakuambia kamwe, na kwa paka anayedungwa insulini kushuka ndiko kunakoua haraka. Anayumba, miguu inalegea, anatetemeka, mwishowe degedege.

Ndiyo maana kopo la asali ya Tabora halitoki kwenye rafu yetu. Ukiona dalili hizo, mpake asali kidogo kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie mdomoni, itampalia. Na akiwa kwenye degedege angalia vidole vyako, maana anauma bila kujua. Akipata nguvu mpe chakula, kisha mpigie daktari wa mifugo hata kama ni usiku.

"Paka mkorofi hapimiki"

Kaniki haguswi masikio. Wiki ya kwanza tulimkimbiza chini ya kitanda, tukamshika watu watatu, akanikwaruza mkono hadi kiwikoni, na damu haikupatikana. Kosa lilikuwa letu, tulikuwa na haraka.

Tukaanza upya bila kumtoboa. Siku nne nzima tulikuwa tunamkalisha mahali pamoja, kwenye mkeka karibu na dirisha, saa ileile kabla ya chakula. Tunamshika sikio, tunabofya kifaa cha kutobolea pembeni ili azoee mlio wake, halafu anapewa kipande cha migebuka iliyochemshwa bila chumvi. Siku ya tano ndipo tukatoboa. Leo akisikia boksi la mashine linafunguliwa, anakuja mwenyewe mkekani.

Kuna mambo madogo yaliyotusaidia. Sikio la baridi halitoi damu, kwa hiyo tunalipasha kwanza kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, kikakamuliwa na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki ili sikio lisilowe. Tunatoboa ukingoni, kati ya mshipa mwembamba na mwisho wa sikio, na pamba imewekwa upande wa pili ili sindano isipitilize hadi kidoleni. Kaniki ni mweusi tii, mshipa hauonekani, basi mtu mmoja humulika kwa tochi ya simu kutoka ndani ya sikio. Vaselini kidogo sana hufanya tone lisitawanyike kwenye manyoya. Spiriti hatutumii, inamwasha, na ikiwa bado mbichi inaharibu kipimo. Tukimaliza tunabana kwa pamba hadi damu ikatike.

Akiwa hataki kabisa, tunamviringisha kwa kitenge, kichwa nje, bila kukaza. Tukitoboa mara mbili tukakosa, tunamwachia apumzike. Kumkunja kwa nguvu kunapandisha sukari yenyewe, kwa hiyo hata ukifanikiwa umepima hofu.

"Namba ya hospitali ndiyo ya kweli"

Siku tuliyompeleka kwa daktari kule Mwanga, hapa hapa Kigoma, kwa bajaji, ndani ya tenga, alilia njia nzima. Paka akiogopa, sukari yake inaweza kuruka hadi kupita 15 hata kama hana kisukari kabisa. Daktari mzuri analijua hilo, na wetu ndiye aliyetushauri tupime mkekani.

"Mashine ni mashine"

Katika damu ya binadamu, sukari imegawanyika kati ya majimaji na chembe nyekundu. Kwa paka, karibu yote imo kwenye majimaji. Mashine za watu, ambazo ndizo zenye stripu zinazopatikana madukani, kwa kawaida humsomea paka chini ya ilivyo. Zinatumika, ila usibadili mashine ovyo, na mwambie daktari unatumia ipi. Sindano nazo: kuna za U-40 na za U-100 (namba hiyo ni uniti za insulini katika kila mililita), na kuvuta insulini ya aina moja kwa sindano ya nyingine ni kumpa dozi isiyo yake.

"Ikisoma juu, ongeza dozi"

Hapana. Namba moja haibadilishi dozi. Daktari anahitaji mfululizo: kupima kila saa mbili kwa saa 12, aone sukari inashuka hadi wapi na lini. Ikisoma chini kabla ya sindano, hatudungi mpaka tumempigia.

Kuhusu chakula, ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa tumeacha. Paka ni mla nyama, na wanga unampandisha bure.

"Akishaanza sindano, ni za maisha"

Kwa wengine, ndiyo. Lakini paka wengine, hasa waliotibiwa mapema na kubadilishiwa chakula, kongosho lao linaamka tena na haja ya insulini inapungua, hata kuisha. Mwezi wa tatu wa matibabu, namba za asubuhi za Kaniki zilianza kuteremka: 11, 9, 7. Daktari akapunguza dozi, kisha akaipunguza tena. Hakuna sisimizi aliyeonekana kwenye mkojo wake wiki hizo zote, na kwa macho alikuwa paka yuleyule wa mwezi wa pili. Bila daftari tunaloandikia namba zake, asubuhi ya 7 tungemdunga dozi ya siku alizokuwa 20.