Kamba si ya kuvuta, tafadhali

Mimi ni mwelekezi, nakimbia na wanariadha wasioona, tumeunganishwa mkononi na kamba fupi. Wiki hii tena nimeambiwa ati "hongera, kumvuta mtu asiyeona kilomita kumi si mchezo, ndio maana una uvumilivu." Jamani, nimechoka na haya maneno. Hakuna anayevuta mtu, si mbuzi wa kupelekwa sokoni! Mwelekezi akimvuta mwanariadha, au akitangulia kukanyaga mstari wa mwisho, wanatolewa, kwisha.

Kwenye madaraja ya wanariadha wenye shida ya macho, T11 haoni, anakimbia amefunikwa macho na lazima awe na mwelekezi, T12 anaona kidogo anaamua mwenyewe, hayo tuyaache.

Kinachoniudhi ni hii dhana kwamba unajifunza uvumilivu kwa kumwonea mwenzako huruma. Mmesahau Paralimpiki ya Sydney 2000? Henry Wanyoike, mita 5000, mwelekezi wake alikuwa na malaria akaishiwa nguvu, na ni Wanyoike, asiyeona, aliyemkokota mpaka mwisho na dhahabu ikaja Kenya.

Ukweli ni kwamba mwelekezi lazima awe na spidi kumzidi mwanariadha, kwa sababu ukifika kikomo chako huwezi kuongea, na usipoongea yeye hana barabara. "Kona... kona... nyooka." Kwenye murram ni "tuta, tatu, mbili, sasa," na hapo pumzi iko juu, mkono wako unaenda sawa na wake, kifundo kwa kifundo, na boda inakuja upande wenu. Nikikimbia peke yangu nikichoka napunguza na hakuna anayejua. Kwenye kamba, bega likilegea kidogo tu anakuuliza "vipi?" kabla wewe mwenyewe hujajua umechoka. Halafu kuna siku miguu yako ni mizuri unataka kwenda, na huendi, kwa sababu si mbio zako. Huko kujizuia ndiko kulikonifundisha uvumilivu, maana kuumia mwisho wa mbio nimezoea tangu shule.

Na sheria ya kutoachia kamba haina huruma. Paralimpiki ya Paris 2024, marathoni ya T12, Elena Congost wa Uhispania yuko wa tatu, zimebaki mita chache, mwelekezi wake akakazwa na misuli, Elena akaachia kamba kidogo tu amshike asianguke. Wakamwondoa, na wa nne alikuwa nyuma zaidi ya dakika 3! Najua kwa nini sheria ipo, kamba ikiachwa ovyo watu watadanganya, lakini pale nani alifaidika? Mimi mpaka leo naona alionewa.

Sasa kuna kitu mafunzo hayasemi vizuri. Tunaambiwa mpe mwanariadha habari kamili kila wakati, nani yuko mbele, umbali gani. Mimi nina mmoja, ukimwambia "tuko mita hamsini nyuma yao" anakata tamaa hapo hapo, ukimwambia "ishirini" anawafikia. Nimwambie ishirini? Macho yake kwenye mbio ni mimi, nikimdanganya mara moja atakuwa anakimbia na nani? Kwa hivyo tulikubaliana habari ikiwa mbaya ninyamaze, na sina uhakika kwamba huko kunyamaza si uongo. Juzi kaniambia siku hizi nikinyamaza tu anajua tumeachwa mbali, sasa msimu ujao tunajaribu namba tupu, iwe nzuri iwe mbaya, na yeye ndiye aliyeomba.