Akida na jumbe hawakuletwa na Mjerumani

Ukitaja akida, msimamizi wa eneo enzi za ukoloni wa Kijerumani, wengi hukumbuka kodi na kiboko, kisha husema cheo hicho kilibuniwa na Mjerumani. Sivyo. Kabla yake, miji ya Mrima, yaani pwani inayokabili Zanzibar, ilikuwa na majumbe na madiwani wake, ndio wakuu wa miji, na akida alikuwa mkuu wa vijana wapiganaji. Liwali, neno lenye asili ya Kiarabu, alimwakilisha Sultani wa Zanzibar. Mjerumani aliyakuta majina hayo pwani, akayapeleka bara kwa watu ambao hawakuwa na akida wala jumbe. Huko yakaja pamoja na kodi. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa. Diwani amenusurika: leo hupigiwa kura, na huulizwa barabara ya kata itachongwa lini.