Mtoto wa Kafara Huijua Siku Yake

Nimepokea tena muswada wa riwaya ya distopia, yaani ya jamii ya kubuni iliyopotoka, ambao mhusika wake mkuu, binti wa miaka 13 aliyelelewa hekaluni, anagundua katika sura ya 18 kwamba miaka yote hiyo alikuwa akitunzwa ili atolewe kafara. Mandhari yake ni mazuri, tena ya mtu aliyezaliwa hapa hapa: bahari imepanda, Mombasa imebaki Kisiwani peke yake, daraja la Nyali limekatika, na madhabahu imejengwa Likoni pale palipokuwa pakishukia abiria wa feri. Kisha likaja sanduku la nyaraka za siri, akaja na kuhani mwenye macho mekundu, zikafuata mbio za usiku, nami nikauweka muswada kando nikaenda kutafuta kahawa. Kila ninapomwuliza mwandishi wa hadithi ya namna hii kwa nini mtoto hajui, jibu huwa ni lile lile, kwamba akijua mapema taharuki itakufa. Nimekuwa mhariri wa bunilizi kwa muda wa kutosha kusema bila kupepesa macho kwamba imani hiyo ndiyo inayoziua riwaya hizi.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila mara. Mtoto aliyepigiwa kura si mtoto aliyelelewa. Wale vijana saba na wasichana saba wa Athens ambao visasili vya Kiyunani vinasema walipelekwa Krete kuliwa na Minotauri, zimwi nusu mtu nusu fahali, walikuwa kodi ya walioshindwa vita, na hadithi ya kodi ina msuko wake wa asubuhi moja ambapo jina linatajwa na mama anaanguka chini. Mtoto anayelelewa kwa ajili ya madhabahu ana miaka nyuma yake. Amelishwa, amefundishwa, amevishwa, ameuguzwa homa, na kila moja ya kazi hizo imefanywa na mtu mwenye macho na masikio. Siri ya mtungi yaijua kata: mpishi anajua, dobi anajua, mwalimu anayekatisha masomo mahali fulani kwa sababu hakuna haja ya kuendelea anajua. Mwandishi anayetaka mtoto peke yake asijue hana budi kunieleza jinsi watu wote hao walivyofunga vinywa kwa miaka 13, na maelezo hayo sijayaona katika muswada wowote.

Wanaodhani ninabuni kanuni kutoka hewani nawaelekeza kwenye ushahidi. Mwaka 1999 watafiti walikuta miili ya watoto watatu waliotolewa kafara zama za Inka, dola ya kale ya Amerika Kusini, iliyohifadhiwa na baridi, karibu na kilele cha Llullaillaco, mlima wa volkeno ulio mpakani mwa Argentina na Chile, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 6,700. Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka 13 hivi, ameketi, kichwa kimeinama, nywele zimesukwa misuko myembamba myembamba, na majani ya koka, yanayotafunwa kuchangamsha mwili, yakiwa bado katikati ya meno yake. Nywele hukua takribani sentimita moja kwa mwezi, na kila kipande huhifadhi alama za kilicholiwa na kunywewa wakati kilipoota, kwa hiyo msuko wa nywele zake ni shajara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliisoma shajara hiyo: kama mwaka mmoja kabla ya kifo chake chakula kilibadilika, mahindi na nyama vikaongezeka, na matumizi ya koka yakapanda sana, pombe ikafikia kiwango cha juu kabisa katika wiki zake za mwisho. Kwa wale wadogo wawili, wa miaka minne au mitano, koka na pombe vilikuwa kidogo mno.

Huo ni mwaka mzima wa heshima inayoonekana sahanini. Sioni jinsi msichana wa umri ule angeweza kuupita mwaka huo bila kutambua kwamba ameingizwa katika jambo. Hata hivyo, na hapa ndipo vitabu vya kufundishia uandishi hupita haraka, ile pombe ya mwisho inaweza kusomwa kwa namna mbili. Huenda ilikuwa sehemu ya ibada, kinywaji cha aliyetukuzwa. Huenda pia alinyweshwa kwa sababu alikuwa anajua, akaogopa, na watu wazima walihitaji atulie. Nywele hazisemi ni ipi, nami nimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja. Ninachokishikilia ni kwamba zote mbili zinamhitaji mtoto anayejua. Asiyejua hahitaji kutukuzwa wala kutulizwa.

Kujua kwenyewe si kitu kimoja, na hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu waandishi hukufanya kuwe swichi ya taa. Watoto wengi huanza kuelewa kati ya miaka mitano na saba kwamba aliyekufa harudi. Mtoto wa kafara mwenye miaka minne anaijua siku yake kama anavyoijua sikukuu: kutakuwa na nguo mpya na watu wengi. Wa miaka minane anajua kwamba hatarudi, lakini anaweza kujivunia jambo hilo mbele ya wenzake, hata kuwanyima zamu ya bembea kwa sababu yeye ndiye mteule. Wa miaka 13 anaanza kuhesabu. Huyu ndiye ambaye ningependa kumsoma, akiwa nafsi ya kwanza, akitazama mambo madogo ambayo hakuna aliyekusudia kumficha. Nilimpendekezea mwandishi mmoja onyesho la fundi cherehani. Kila fundi wa mjini hapa anayeshona nguo ya mtoto huacha upindo mpana ndani, ili mwakani ifumuliwe na kuteremshwa. Fundi wa hekalu anampima binti, anakata kitambaa, na upindo anaoukunja ni mwembamba kama wa nguo ya mtu mzima. Binti anautazama, fundi anajua kwamba ameutazama, na wote wawili wanaendelea kuzungumzia rangi ya uzi. Taharuki inayodaiwa kufa iko hapo nzima. Kilichobadilika ni swali, kwa kuwa msomaji haulizi tena kama binti atajua, anauliza nani atakuwa wa kwanza kulitamka.

Pingamizi la pili hutolewa kwa sauti ya chini, kwamba hadithi hizi zinaishambulia dini. Katika mji ambao kila Idi ya Kuchinja watu husikia tena habari za Nabii Ibrahim na mwanawe, pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa adabu. Sura ya As-Saffat inasimulia kwamba baba alimweleza mwana alichokiona ndotoni na kumwuliza maoni yake, na mwana akamjibu kwamba atende alivyoamrishwa. Hapakuwa na sanduku la siri. Tena kisa kile kinaishia kwenye fidia, kwa dhabihu iliyoshuka mahali pa mtoto, na jamii ya distopia ni ile ambayo imeamua kuendelea bila kusubiri kondoo. Mwandishi anayeielewa tofauti hiyo hana sababu ya kumchora kuhani kama zimwi, na hana sababu ya kumwogopa imamu wa mtaani kwake.

Zimwi lenyewe halitufai tena Pwani. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa, watoto wakiwa miongoni mwao. Tangu hapo miswada ya wahubiri wenye macho mekundu imeongezeka mezani kwangu, na naelewa kwa nini: macho mekundu yanatuhakikishia kwamba sisi tungemtambua mtu huyo mlangoni. Mimi husoma kurasa hizo nikimtafuta mzazi, mtu wa kawaida aliyeuza kiwanja, akafunga mizigo, akawashika wanawe mikono. Mara nyingi simkuti. Sina uhakika kama simkuti kwa sababu mwandishi hajui kumwandika au kwa sababu ni mapema mno, na sitamlazimisha mtu.

Shaka yangu kubwa iko kwenye matokeo. Kafara ikishatolewa, je, bahari ishuke? Ikishuka, mwandishi amemthibitisha kuhani. Isiposhuka, amewafanya watu wote wa kitabu chake wajinga. Grace Ogot aliikwepa mitego yote miwili katika hadithi yake fupi ya Oganda, binti wa chifu aliyepelekwa ziwani ili mvua inyeshe: kijana anayempenda anamtorosha, na mvua inanyesha vile vile. Lakini Oganda aliteuliwa, hakulelewa kwa ajili hiyo, na kutoroka kwake hakuvunji chochote alichofunzwa tangu utotoni.

Kwa muswada wa Likoni nilipendekeza bamvua, yaani maji makubwa ya bahari. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu, na baada ya siku saba hivi huja maji mafu, ambapo bahari haipandi tena hadi pale ilipofika. Kuhani akipanga siku ya kafara kwenye kilele cha bamvua, bahari itarudi nyuma kila mara, mbele ya macho ya wote, na kila mvuvi aliyepo atajua kwamba ingerudi tu. Hapo kafara inafanya kazi na haifanyi kazi kwa wakati mmoja, na hakuna mjinga. Mwandishi aliniuliza kama basi kuhani ni mwongo. Nilimwambia amfanye mwana wa mvuvi anayezijua kalenda za maji tangu utotoni na bado anaamini, na sasa ninaogopa kwamba mtu huyo haiwezekani kumwandika kwa nafsi ya tatu.