Kanzu nyeupe kwenye sanamu ndogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayepaka sanamu ndogo huku kwetu hawezi kukwepa nguo nyeupe. Kuna vilemba vya waumini wa Akorino kule Nakuru, majoho ya kanisa la Legio Maria Kisumu, kanzu ya Ijumaa, koti la daktari. Ngozi na viatu hutoka vizuri, kisha vazi linaonekana limepigwa chokaa. Mara nyingi chanzo ni ushauri mbovu unaopokezanwa.

Dhana: Nguo nyeupe hupakwa rangi nyeupe

Ukianza na nyeupe tupu, huna rangi iliyobaki ya kuonyesha mkunjo unaopigwa na jua. Kitambaa cheupe kwa kweli ni vivuli vingi hafifu na weupe kidogo. Kwa kanzu ya pamba, anza na nyeupe sehemu nne na kahawia isiyokolea sehemu moja, upate rangi ya krimu. Ikikauka, ongeza kahawia kidogo kwenye mchanganyiko uleule, uupitishe ndani ya mikunjo, kwapani na chini ya mkanda. Kisha rudi juu: ongeza nyeupe kwa hatua mbili au tatu, kila hatua ikifunika eneo dogo kuliko iliyotangulia. Nyeupe tupu iguse migongo ya mikunjo tu, na mabega, magoti na ukingo wa mikono. Ikienea hadi theluthi ya vazi, umezidisha.

Dhana: Kivuli cha nyeupe ni nyeusi kidogo

Nyeusi huzaa kijivu kilichokufa, na nguo huonekana chafu. Nje, kivuli hupokea mwanga wa anga, kwa hiyo huelekea bluu. Ndani ya nyumba yenye taa ya manjano huelekea kahawia. Chagua mwanga mmoja, uutumie kwa vazi zima. Wengine humwagia sanamu nzima rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, wakitarajia itiririkie mikunjoni yenyewe. Kwenye joho la buluu hilo hupita. Kwenye jeupe huacha madoa katikati ya sehemu tambarare, na kuyafunika ni kazi ya tabaka tatu. Iweke kwa ncha ya brashi, ndani ya mkunjo tu.

Weupe pia hutegemea jirani yake. Mstari mwembamba wa kahawia nzito pale nguo inapokutana na shingo au kiganja, na udongo mwekundu miguuni, hufanya krimu isomeke nyeupe kabisa bila kuongeza tone la rangi.

Dhana: Rangi nzito hufunika mara moja

Hufunika, ndiyo, na pamoja nayo hufunika mikunjo na kuacha michirizi ya brashi. Zimua rangi ya akriliki (ile inayochanganywa na maji) kwa maji kiasi sawa nayo, kisha rekebisha hadi iteleze kama maziwa. Futa brashi kwenye tishu kabla ya kugusa sanamu. Tabaka mbili hadi nne zinatosha, kila moja ikiachwa ikauke kabisa, kwa kuwa brashi ikirudi juu ya rangi iliyokauka nusu huichuna na kuacha vipele. Maji yakizidi, rangi hukimbilia kingoni na kuacha pete. Nakuru, miezi ya Januari na Februari, rangi hukauka ungali unachanganya: tandika tishu zenye maji kwenye kifuniko cha plastiki, weka karatasi ya kuokea juu, uchanganyie hapo. Nyeupe iwe na kikombe chake cha maji.

Dhana: Praima nyeusi inafaa sanamu yoyote

Praima ni rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine; ikiwa nyeusi, kwa nguo nyeupe inakuongezea tabaka bure. Tumia kijivu au nyeupe. Ya kopo la kupuliza ishikwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa sanamu. Ukienda mbali, rangi hukauka hewani na kutua kama mchanga. Kisumu, usipulize alasiri mvua inapojikusanya ziwani. Ngoja asubuhi, umande ukishaondoka.

Dhana: Jiwe la Kisii hupakwa lilivyo

Sanamu nyingi za jiwe hili laini, zinazochongwa Tabaka kule Kisii, zimeng'arishwa kwa nta, na akriliki haishiki kwenye nta, hubanduka kama ganda. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, sugua kwa msasa nambari 400 ukiwa umelowa (vumbi la jiwe hili si la kuvuta puani), suuza, acha siku nzima, ndipo upake praima.

Dhana: Vanishi ni vanishi

Ya mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na nguo nyeupe ndiyo ya kwanza kuionyesha. Chukua vanishi ya akriliki ya maji isiyong'aa, utikise chupa sana, maana unga unaoondoa mng'ao hutuama chini: usipotikisa, nusu ya kwanza ya chupa itang'aa na nusu ya mwisho itaacha ukungu mweupe mikunjoni.