Vitamini K na hatari ya mtoto mchanga kutokwa na damu: maswali ya wazazi wa Tanga

Mtoto wangu amezaliwa salama na ananyonya vizuri. Kwa nini aambiwe ana upungufu wa vitamini K?

Kwa sababu karibu kila mtoto huzaliwa nao. Ini huhitaji vitamini K ili kukamilisha protini zinazogandisha damu, na vitamini hiyo hupita kwa shida sana kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mtoto hutoka tumboni akiwa na akiba ndogo mno. Bakteria wa utumbo wanaosaidia kuitengeneza bado hawajajijenga, na maziwa ya mama yana mikrogramu 1 hadi 4 tu kwa lita. Hakuna kosa la mama hapo, wala hakuna sababu ya kumwachisha mtoto kunyonya.

Nikila mchicha, kisamvu na matembele kwa wingi, je, haitatosha?

Mboga hizo zina vitamini K nyingi na mzazi anazihitaji, lakini kiasi kinachofika kwenye maziwa hakiongezeki vya kutosha kumkinga mtoto.

Damu inayosababishwa na upungufu huo hutoka lini?

Kuna vipindi vitatu. Cha kwanza ni ndani ya saa 24, na mara nyingi huwapata watoto ambao mama zao walitumia dawa za kifafa au za kifua kikuu wakati wa ujauzito. Mama wa namna hiyo amweleze mkunga mapema. Cha pili ni siku ya 2 hadi ya 7. Kwa watoto wasiopata kinga, yaani sindano ya vitamini K baada ya kuzaliwa, vipindi hivi viwili kwa pamoja humgusa mtoto 1 kati ya 60 hadi 250.

Kipindi cha tatu ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa kuwa huanza wiki ya pili na kuendelea hadi miezi 6, wakati ambapo mama ameshatoka hospitali, huenda hata arobaini imepita, na hakuna tena anayemwangalia mtoto kwa wasiwasi. Ni nadra kuliko viwili vya mwanzo, lakini zaidi ya nusu ya watoto wanaopatwa nacho huvujia damu ndani ya ubongo, na wengi wa wanaopona hubaki na ulemavu.

Nitaitambuaje hatari?

Mara nyingine hutangulia damu kidogo tu: tone linalorudi kwenye kitovu kila kinapofutwa, damu puani, choo cheusi baada ya siku zile za mwanzo, au alama ya bluu mwilini kwa mtoto ambaye hajaanguka wala kugongwa. Bibi mwenye uzoefu anaweza kuifuta na kusema itakauka. Naomba isingojewe ikauke. Macho yanayobaki ya njano baada ya wiki mbili, pamoja na choo cheupe, huashiria nyongo haipiti, na bila nyongo vitamini K haisharabiwi.

Mtoto aliyepauka, anayetapika, anayekataa ziwa, aliyetuna utosi au aliyeshikwa na degedege apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, kabla ya kombe na kabla ya mganga.

Na tohara, au kutoga masikio?

Kabla ya wembe au sindano yoyote kumgusa mtoto, ulizeni kama alichomwa vitamini K, na tohara ifanyiwe hospitali. Kukata kimeo ni jambo ambalo sioni sababu ya kulifanya kabisa: halitibu kikohozi, na kwa mtoto ambaye damu yake haigandi, kidonda cha kooni kinaweza kumuua.

Sindano yenyewe ikoje?

Ni miligramu 1, huchomwa pajani mara moja, baada ya mtoto kukaa kifuani kwa mama saa ya kwanza. Njiti hupimiwa kwa uzito wake. Si chanjo, wala si yale matone ya vitamini A yanayoanza kutolewa akiwa na miezi 6. Hofu ya kwamba huleta saratani ilitokana na utafiti wa Uingereza wa mwaka 1992, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuuthibitisha.

Mtoto alizaliwa nyumbani na sasa ana wiki tatu. Tumechelewa?

Hamjachelewa. Mpelekeni leo, semeni wazi kwamba hakupata sindano ya vitamini K, na ombeni iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki. Kama ameshatokwa na damu popote, hata kidogo, lielezeni hilo kwanza kabla hajachomwa chochote, kwa sababu mtoto anayevuja damu hupewa dawa hiyo kwa njia nyingine, si kwenye msuli, na huenda akahitaji kuongezewa plazma, yaani majimaji ya damu yenye protini za kuigandisha.