Kiwango cha umande, na kwa nini matrekta ya kale husubiri hewa ya wastani

Kiwango cha umande ni nyuzijoto ambayo hewa ikipoa hadi hapo, mvuke uliomo huanza kugeuka maji juu ya kila kilichopoa kiasi hicho. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 60 hufika hapo kwenye nyuzi 12 hivi. Unyevu ukiwa asilimia 90, ni nyuzi 18, na nafasi iliyobaki ni ndogo mno.

Nchini Marekani wapo watu wengi wanaofufua matrekta madogo ya bustani: Cub Cadet za International Harvester za mwanzoni mwa miaka ya 1960, au John Deere 110 iliyotoka mwaka 1963 kutoka Horicon, jimbo la Wisconsin. Katika majimbo ya baridi kama hilo, miezi ya theluji ni ya kufungua injini, kukwangua kutu na kupiga msasa ndani ya gereji. Rangi yenyewe husubiri Mei au Septemba, hewa ikiwa ya wastani. Shauri hilo ni zuri, ila wengi hulitimiza kwa kutazama kipimajoto cha ukutani. Kinachopokea rangi ni chuma, na chuma kina joto lake.

Tuseme usiku hewa imeshuka hadi nyuzi 8. Saa tatu asubuhi jua limetoka, hewa imefika nyuzi 18 na unyevu ni asilimia 65, kwa hiyo kiwango cha umande ni nyuzi 11 hivi. Boneti ni bati jembamba, imeshapata joto. Injini na gia boksi ni vyuma vizito, bado viko nyuzi 9, basi vinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho lenyewe linaweza kuwa jembamba hata jicho lisilione. Ukipuliza praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, juu yake haishiki sawasawa. Baadaye rangi huvimba, hubanduka, na kutu huanzia chini kwa chini. Ndiyo maana trekta huweza kung'aa boneti huku injini ikimenyeka.

Kanuni ya mafundi wa rangi za vyuma ni kwamba chuma kizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau, na unyevu wa hewa usivuke asilimia 85. Hizo nyuzi 3 zina sababu. Vipimo hukosea kidogo, na tina, kimiminika cha kuzimulia rangi, inapokauka huchukua joto la uso ule ule uliopakwa. Kwa rangi za laka, upoaji huo peke yake unatosha kuvuta maji kutoka hewani na kuacha ukungu mweupe juu ya kazi nzuri.

Kipimajoto cha miale kinachoelekezwa kama bastola ni rahisi kutumia, lakini chuma kitupu kinachong'aa hukidanganya. Bandika kipande cha utepe mweusi, kiache kidogo kipate joto la chuma, kisha pima juu yake.

Joto kali nalo lina matatizo yake: tina huruka kabla matone ya rangi hayajatandaa, na uso hubaki na vipele. Hilo msasa hulimaliza. Jioni ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu rangi ya mafuta huhitaji saa nyingi kukauka na umande ukiikuta mbichi huiondolea mng'ao. Kwa hiyo anza chuma kikishapata joto, umalize mapema alasiri. Hadina, dawa ya kugandisha inayochanganywa na rangi, huharakisha ukaukaji, lakini nyingi zina isosianati, sumu ya mapafu ambayo kitambaa cha puani hakiwezi kuizuia hata kidogo.

Wapo wanaowasha hita ya mafuta ya taa au ya gesi gerejini ili kuipata hiyo hewa ya wastani kwa nguvu. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi hutoa mvuke wa maji inapowaka, kwa hiyo hupasha hewa na papo hapo hupandisha kiwango cha umande, huku injini ikiwa bado baridi. Tena ni moto wa wazi palipo na mvuke wa tina. Afadhali hita ya umeme, iwashwe tangu usiku ili chuma kizito kipate joto hadi ndani, na izimwe kabla kopo la tina halijafunguliwa.